Kitovu cha Kikapu

Paskalina Kalinga alianza kikapu cha uongo mbele ya simu inayorekodi.

Aliweka milulu minne, zile nyasi za kusukia, msalaba, akapinda, akabana. Dokta Yudith, mtafiti wa historia kutoka chuo kimoja cha Mbeya, alipiga magoti pembeni ya mkeka, hata kupepesa hapepesi.

"Kwa hiyo kitovu kinaanza na minne, mama?"

"Minne. Ndivyo alivyonifundisha bibi."

Bibi hakumfundisha hivyo. Bibi Apolonia alianza na sita. Na katika ukoo wao, kikapu kikiisha, kabla hakijatoka nyumbani, kitovu kinafunikwa kwa kiraka, kinashonwa mpaka sindano inagoma. Wasafiri wanaonunua pale Ilula barabarani wanadhani ni urembo. Kumbe ni mlango umefungwa. Kitovu anaoneshwa mtu wa nyumbani tu, binti wa ukoo au mke aliyeolewa humo. Basi.

Aliyemleta huyo dokta ni binti yake mwenyewe, Blessing, mwenye karakana ndogo ya wanawake saba. Siku hiyo ya kurekodi alikuwa Kilolo kufuata milulu. Alikuwa amewekeana sahihi na chuo: wao wataandika historia ya vikapu, karakana itapata lebo yenye jina la ukoo, na mtu mwingine asiruhusiwe kuuza mchoro wa vikapu vyao kama wake. Maneno matamu. Paskalina aliishia darasa la saba, lakini maneno matamu anayajua. Ndiyo yaliyolichukua shamba la baba yake.

Tena maswali ya huyo dokta hayakukaa sawa. Bibi alibatizwa mwaka gani. Nani alimsimamia kipaimara. Vikapu vyake aliwahi kumpa nani. Siku mbili nzima alishinda parokiani anafunua madaftari ya zamani. Sasa mtu wa vikapu anatafuta nini kwa marehemu?

Hofu hiyo alimwambia mtu mmoja tu, wifi yake Severina, mke wa kaka yake. Walisuka bega kwa bega miaka kumi na tisa, kabla Severina hajahamia Mbeya kuuza vikapu. Alipokuja kumsalimia, kabla ya siku ya kurekodi, alimcheka.

"Wifi, unakonda kwa ajili ya kitovu? Mpe cha kuazima. Hawa wa vitabu watajulia wapi?"

Wakacheka wote wawili, chai ikapoa.

Blessing aliporudi kutoka Kilolo aliuliza kama mama yake alimwonesha mgeni vizuri, maana kila kitu kimesimama juu ya hapo. Paskalina akajibu amemwonesha. Zaidi hakusema. Mtoto akijua, atamwambia huyo dokta rafiki yake.

Mwezi wa tano ikaja barua. Kuna mtu mwingine ameandika kudai mchoro uleule ni wa kwake. Wote waende Mbeya, kamati ya chuo itaamua.

Paskalina hakushtuka. Moyoni alisema, si nilijua. Dokta ameshauza, lakini ameuza kikapu cha uongo. Basi lilipita Igawa yeye anatabasamu dirishani, Blessing anamshangaa.

Kwenye chumba cha kikao palikuwa na mkeka, fungu la milulu, na juu ya meza kikapu cheusi kwa uzee. Paskalina alikijua kabla hajaambiwa.

"Bibi Apolonia alikitoa parokiani mwaka aliopata kipaimara, kikawa cha sadaka," dokta alisema. "Nimekitafuta mwaka mzima, mama. Kiraka chake hakijawahi kufunguliwa. Anayeanza kama kilivyoanza hiki, ndiye mwenye mchoro."

Paskalina akakitazama kile kiraka.

Mzee Ezekiel, mwenyekiti wa kamati, akawasha video kwanza. Mikono ya Paskalina ikaonekana ukutani, mikubwa, haina wasiwasi. Minne. Sauti yake ikajaa chumba: ndivyo alivyonifundisha bibi. Blessing akageuka kumtazama mama yake.

Kisha mzee akachukua wembe, akakata kiraka uzi kwa uzi. Akainamisha kikapu dirishani, akahesabu kwa ncha ya kalamu. Sita.

"Mama, ile video ni wewe?"

"Ni mimi, lakini..."

"Asante. Aliyeko nje aingie, naye aanze."

Paskalina akakaza macho mlangoni, amwone huyo mgeni aliyenunua siri ya ukoo kwa dokta.

Mwanamke akaingia, akavua viatu, akaketi mkekani kama mtu aliye nyumbani. Akachambua milulu, mmoja, miwili, mpaka sita.

"Wifi," alisema Severina bila kuinua macho, "za siku nyingi."