Babu wa Neno "Fee"

Ng'ombe alikuwa ameshaingiza kichwa ofisini kabla Mwalimu Kavumbi hajaweka kalamu chini.

"Mzee Wario, shule haipokei ng'ombe. Karo ni kwa simu au benki."

"Wachuuzi wa Garsen hawamtaki. Wanasema ni mifupa." Wario alikuwa ametembea naye siku mbili, kikoi kimejaa vumbi, nyayo zinawaka moto. "Hii ndiyo imebaki, mwalimu. Pokea, deni la binti yangu Nuria liishe leo."

Kavumbi alikuwa amechoka. Kiangazi kimemchosha kila mtu, na kila asubuhi kuna mzazi mlangoni. Isitoshe, ni yeye aliyemrudisha Nuria nyumbani mwezi uliopita kwa ajili ya karo, na jambo hilo lilikuwa bado linamuuma. Katika Kiingereza, kidato cha nne kizima hakikuwa na kichwa kama cha msichana huyo.

"Nuria aliniambia kitu," alisema Wario. "Hilo neno 'fee' mnaloandika kwa barua za karo, babu yake ni ng'ombe. Wazungu wa zamani walikuwa wafugaji kama sisi Waorma. Alicheka siku nzima."

"Haiwezi kuwa."

"Fungua kitabu."

Shingo upande, Kavumbi akafungua kamusi kubwa. Akasoma, akarudia. Mzizi wa kale: mifugo. Baadaye mali. Baadaye pesa. Msichana amempiku mwalimu wake! Kavumbi akajikuta anatabasamu, mara ya kwanza wiki hiyo.

"Haya, umenishinda. Ng'ombe nitamnunua mimi, nilipe hiyo karo. Ndugu yangu kule Ngao ana nyasi kando ya mto. Lakini mbona hukuja na mtoto?"

"Leo nimekuja na ng'ombe tu."

Kavumbi akaandika risiti, akagonga muhuri. Wario hakujua kusoma. Aliomba asomewe mara mbili, polepole, kisha akaifunga kwenye pindo la kikoi chake.

"Jumatatu aje mapema," alisema Kavumbi. "Mtihani umekaribia. Jioni nitamfundisha mwenyewe, bure."

Wario alishika fremu ya mlango.

"Tulimzika Jumanne, mwalimu. Homa. Kabla ya kumswalia, imamu aliuliza nani anamdai Nuria. Nikataja jina lako."