Nilisema Nchi, Sikusema Sebule

Siku hizi sheria ni moja: anayetia sahihi wakimbizi wapewe hifadhi, nyumba yake ndiyo huwapokea. Mume wangu Kunambi, bingwa wa kampeni hizo, alitia yake mbele ya kamera.

Jumanne mlango wetu ulitambua uso wa mgeni, ukafunguka wenyewe. Akaingia Faida, aliyekimbia vita vya wenyewe kwa wenyewe kwao, na mtoto mgongoni.

"Shikamoo, baba. Ni wewe uliyetusemea?"

Kunambi alinivuta jikoni. "Nilisema nchi ziwapokee. Nani alitaja sebule yangu?"

"Chumba cha wageni ni kitupu," nikamwambia.

"Kina vitabu vyangu."

Akabonyeza simu, akafuta sahihi. Faida hakuwa amemaliza chai gari la mpakani lilipofika kumrudisha. Sahihi yangu ingetosha kumbakiza, lakini nilisimama tu nimeshika birika. Alinishukuru kwa chai, akatoka.

Jioni Kunambi alihutubia uwanja mzima kuhusu utu, hata akalia. Watu walishangilia. Nami nilikuwa safu ya mbele nikipiga makofi, mikono ikiniuma.