Darasa la Shingo Ndefu

Mbugani palikuwa na darasa la uchumi, na wanafunzi wake wote walikuwa twiga. Ukame ulipoingia walipima majani, wakatangaza: "Chakula kipo tele!"

Digidigi, kijana mfupi asiyejua kunyamaza, akabisha hodi. "Mwalimu, mlipima wapi?"

"Pale midomo yetu inapofika."

"Huku chini majani yamekwisha. Tunatafuna magome."

Twiga wakacheka. "Uchumi ni somo la wenye shingo, mwanangu."

"Sawa, Mwalimu. Lakini mti ukichunwa gome hukauka mpaka kileleni."

Kicheko kikakatika. Mwalimu akainama, akayaona magome kwa mara ya kwanza.

"Kesho njoo darasani," akasema. "Na wenzako walete."

Kesho yake fuko alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono: "Na mizizi je, mmeipima?"