Wa Kuitikia

Kila mara kabla ya kusasisha kompyuta ya pampu za maji za mji, Mwanaidi alisoma kwenye skrini herufi za uhakiki, zinazothibitisha kuwa sasisho ni halisi, naye Kombo, akifuata karatasi ya watengenezaji, aliitikia kila moja, "Ndiyo." Kombo alipofariki, hakuletwa mwingine. Mwanaidi akawa anajirekodi kwenye simu akizisoma, kisha anashika karatasi na kuiitikia sauti yake mwenyewe.

Leo kidole chake kilikwama katikati ya karatasi: herufi iliyoandikwa pale haikuwa ile iliyosomwa.

"Hapana," alisema.

Sauti yake iliendelea kusoma tu. Akaizima. Sasisho lile lilikuwa bandia. Lingeweza kuzima pampu zote. Akalifuta, kisha akakigeukia kiti kitupu.

"Kaka Kombo, umeona?"

Nje, mtu alifungua bomba, maji yakaanza kujaa ndoo.