Uwanja Mtupu wa Kwa Mrombo

Siku ile mjinga alikuwa Abdiel mwenyewe, na leo anakiri huku akicheka. Programu iliyofadhili masomo yake ya uzamili ilimtuma kutafuta nafasi ya stendi mpya ya mabasi, naye Jumatatu akaandika: Kwa Mrombo, uwanja mtupu, mashimo ya panya.

Alhamisi, kabla ya kukabidhi ripoti, alirudi kupiga picha. Mama muuza ndizi akachomeka mti wa mwavuli kwenye shimo la panya. Ukasimama wima bila kuyumba. Wachuuzi wenzake wakafuata, kila mmoja na shimo lake.

“Shikamoo, mama. Hapa nimeshachora stendi. Nilipopima Jumatatu hapakuwa na mtu kabisa.”

“Marahaba, mwanangu. Hata kanisa letu ukilipima Jumatatu, utaandika halina waumini.”