Maswali ya Shevanta

Shevanta hakungoja kupewa ruhusa. Alisimama, akakaza upindo wa sari kiunoni, akamkatiza Bwana Pingale, wakala wa kampuni ya mashine, katikati ya maneno.

"Kaka, matamu yote tumeyasikia. Sasa mimi nina swali."

Ukumbi wa harusi wa mji wa Akot ulikuwa umejaa wanawake, wengi wao wake wa wakulima wa pamba, na wote waligeuka kumtazama. Walikuwa wameitwa na tangazo lililozunguka kwenye simu zao mwezi mzima: nunua mashine ya kusokota tambi za taa za ibada, kaa kwako, sokota, na kampuni itanunua kila utakachotoa. Mashine moja rupia elfu sitini. Ulipe leo leo, maana kesho bei inapanda.

Kando ya Shevanta alikaa Kusum. Hawakujuana kabla ya asubuhi ile, ila katika kungoja waligawana mkate wa mtama na pilipili ya kutwanga, na Kusum akajikuta anamwaga yote. Kwamba amemuuza nyati wake wa maziwa. Kwamba mnunuzi atakuja kumchukua saa kumi jioni. Kwamba maziwa ya nyati huyo ndiyo yaliyokuwa yakimlipia binti yake chuo cha uuguzi. Mashine ikilipa, binti atamaliza. Isipolipa, atarudi kuchuma pamba za watu kama mama yake. Shevanta alimsikiliza huku anatafuna polepole.

Sasa ndipo alipopata maneno. Aliuliza kwanza kama kampuni imesajiliwa, maana matapeli siku hizi wamezidi nzi. Pingale akainua cheti chenye mhuri. Alikuwa nacho mkononi tayari. Shevanta akauliza nani atatengeneza mashine ikiharibika, akamwambia usoni kwamba vijana wa tai kama yeye hata bisibisi hawajui inashikwa upande gani. Wanawake wakaangua kicheko. Pingale naye akacheka, akaahidi fundi ndani ya siku mbili. Kisha Shevanta akapiga kiti cha mbele yake kwa kiganja: hiyo ahadi ya kununua tambi imeandikwa wapi, au ni upepo wa mdomo? Pingale akafungua mkataba, akasoma kifungu cha saba kwa sauti, taratibu, kama anayemsomea bibi yake barua.

Makofi yakapigwa. Kusum alihisi moyo umetua. Ikiwa mwanamke mkali namna hii ameuliza na amejibiwa, yeye ni nani aendelee kuogopa? Akaingiza mkono kifuani, akatoa kitambaa chenye fedha. Pingale alikwishaweka kipaza sauti mezani na kuanza kugawa fomu.

Shevanta hakukaa. Alikuwa anamtazama Kusum akilifungua fundo la kitambaa kwa meno.

"Bado sijamaliza," akasema.

Pingale akatabasamu. "Dada Shevanta, muda umekwisha."

"Wako labda. Ile ofisi yenu ya Achalpur mliyoifunga baada ya sikukuu ya Diwali, mliihama mchana au usiku?"

Pingale akasema hawajawahi kuwa na ofisi Achalpur, pengine dada amechanganya na watu wengine.

"Juu ya duka la mabomba," Shevanta akasema. "Mashine yangu nilinunua pale. Nimesokota miezi mitatu mpaka vidole vikavimba. Nilipoleta tambi mkaniambia zimepinda. Za jirani yangu mkasema nene. Za mwenzake mkasema nyembamba. Hamkununua hata moja, na magunia yangu manne yako chini ya kitanda mpaka leo. Hebu msomee huyu dada mstari wa mwisho wa kifungu cha saba. Ule uliouruka."

Pingale hakusoma. Kusum, aliyefika darasa la nane na hakuwahi kujivunia mpaka siku ile, aliunyakua mkataba akausoma mwenyewe, kidole kikifuata maneno. Kampuni itanunua tambi itakazoona zinafaa, na uamuzi wake ni wa mwisho.

Akausoma mara ya pili ili walio nyuma wasikie. Kisha akalifunga upya fundo la kitambaa, akakirudisha kifuani.

"Huyu mwanamke ametumwa," Pingale akafoka. "Msimsikilize, ametumwa!"

"Ametumwa na nani?" Kusum akauliza.

Pingale akaanza kukusanya fomu zake. Jasho lilikuwa limemlowesha ukosi.

"Tunakungoja, kaka," akasema mama mmoja wa nyuma. "Mtaje."

Hakumtaja. Hapo wanawake waliinuka safu kwa safu. Fomu zilichanwa, viti vikasukumwa, mmoja akawa anawapigia polisi simu huku mwingine, mnene wa haja, amejiegemeza mlangoni na kusema hatoki mtu mwenye tai humu. Kusum walimpisha. Saa tisa ilikuwa imeshapita, na alitoka mbio ndala mkononi kwenda kumrudishia mnunuzi wa nyati fedha zake.

Katika zogo lile Pingale alijipenyeza mpaka alipokuwa Shevanta, akamwinamia sikioni.

"Una wazimu? Huu ni mji wa sita. Kila mji tunakulipa uulize maswali matatu, kisha ukae."

"Na matatu nimeuliza," Shevanta akamjibu. "Hilo la nne nimewapa bure."