Sindano Aliyoikataa

Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nilikuwa na dawa ya ganzi, na Mama Bolumbu akausukuma mkono wangu.

“Hapana, docteur. Ng'oa hivi hivi.”

Shavu lake lilikuwa limevimba hadi jicho limebaki ufa. Gego lilikuwa limeoza, na kinywa kilifunguka upana wa kidole tu.

“Sindano itaondoa maumivu yote,” nilimwambia. “Mdomo utakufa ganzi mpaka jioni, basi.”

“Donc sitaweza kuimba.”

Saa tisa alasiri hiyo kungekuwa na animation uwanjani. Wanawake wa soko lote walipaswa kucheza na kumwimbia Rais, na wakubwa wa Chama wangepita mbele ya kila mstari wakiangalia midomo.

“Dada yangu alichezesha mudomo tu, bila sauti,” alisema. “Walimubeba siku ile ile. Mpaka leo hatujui iko wapi.”

Nikairudisha sindano kwenye kisahani, nikashika koleo.

Gego lilivunjika, ikabidi nifuate mizizi. Machozi yalimtiririka hadi shingoni, yakalowesha kitenge chake kipya, kile chenye sura ya Rais kifuani. Hakutoa hata mguno.

Hasira zikanipanda, sijui kwa nani.

“Lia, mama! Hapa tuko wawili tu. Piga kelele!”

Alitema damu kwenye beseni, akatikisa kichwa.

“Nikilia, sauti itakatika,” alisema. “Na sauti iko yao.”